Tuko wangapi? Jimbo haliwezi kupangwa kwa kubahatisha



Leo nasema juu ya jambo lenye hatulipigii kelele sana barabarani: kuhesabu watu. Mara ya mwisho inchi yetu ilihesabu wakaaji wake ni mwaka 1984, ingali inaitwa Zaire. Walipata karibu milioni 30. Mimi sikuwa nimezaliwa, na wengi wenu pia. Leo Umoja wa Mataifa unasema tumepita milioni 100, lakini hayo ni makadirio.

Kazi ya demografe, mujuzi wa hesabu ya watu, haiishii kwa kuhesabu vichwa. Anaambia serikali ya jimbo: watoto wenye wamezaliwa mwaka huu, kisha miaka sita wataomba kiti darasani, basi muanze sasa kujenga na kutafuta walimu. Haiko uchawi. Lakini masomo ya msingi ya bure yalipoanza mwaka 2019, tuliona watoto mia na zaidi ndani ya darasa moja, wengine wanakaa chini. Bure ni haki, Katiba ya 2006 inaisema kwa kipengele cha 43. Kulikuwa miaka 13 ya kujitayarisha. Nani alikamata kalamu?

Kwa afya ni vile vile. Unasoma ripoti, unakuta chanjo imepita asilimia 100. Namna gani? Ni kwa sababu hesabu ya watoto wenye walingojewa ni ya kubahatisha, na vita imehamisha kijiji kizima hadi kwa zone ya jirani. Kule watu walikimbia dawa zinabaki, huku walikimbilia zinaisha.

Sasa siasa. Viti vya bunge vinagawanywa kufuatana na watu wenye waliandikishwa kuchagua, si kufuatana na wakaaji. Na zaidi ya nusu ya Wakongomani hawajafikisha miaka 18. Mama mwenye watoto saba anahesabiwa mumoja. Kule vita inazuia watu kuandikishwa, sauti inapungua tena.

Najua kitu wengine wanawaza. Januari 2015 vijana waliingia barabarani kukataa sheria yenye ilitaka kufunga uchaguzi kwa rekensema, na wengine walikufa. Waliona mutego, na walikuwa na haki: hesabu ilitafutwa ili mutu abakie kwa kiti. Seneti iliondoa ile alinea. Lakini angalieni kitu kilifuata. Uchaguzi ulichelewa hadi 2018, na rekensema yenyewe haikufanyika! Tulikataa ulaghai, hatukukataa kuhesabiwa. Mambo hayo mawili tusiyachanganye.

Wajuzi wako. Chuo kikuu cha Kinshasa kinafundisha demografia tangu zamani, na wengine wanaotoka kule wanaishia kufanyia ONG. (Mutasema natafuta kazi. Ndiyo, natafuta, lakini mimi nilisoma sheria, hiyo nafasi haiko yangu.) Kitu kinakosa ni kuwaweka pembeni ya yule anayeandika bajeti, na kumukataza kutunga namba mbele hawajasema.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa serikali ya jimbo. Wizara ya plani iwe na demografe mwenye anatiwa saini na si ndugu ya mukubwa. Na kila bajeti inayopelekwa kwa wabunge wa jimbo ionyeshe, kwa kila teritware, hesabu ya watu yenye ilitumiwa na ilitoka wapi.

Na sisi pia tuko na kazi. Uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wane wa chini ya miaka mitano, mumoja tu ndiye aliandikishwa kwa leta. Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mutoto bure. Kila mumoja wetu azunguke avenye yake, aulize wamama wenye watoto wachanga, awasindikize kwa ofisi ya komine. Wakiombwa franga, andika tarehe, andika ni ngapi, utuletee.

Sesio ya bajeti inafunguliwa mwezi wa tisa. Tutakuwa pale kwa mulango, na swali moja: tuko wangapi?