Moyo Usimamapo Njiani

Mtu aangukapo katika njia panda ya Ntinda saa za msongamano, na moyo wake ukasimama, hospitali ya Naguru si mbali kwa maili. Ni mbali kwa dakika. Ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi.

Wengi hudhani kikosekanacho ni sindano tu. Dawa yenyewe ni adrenalini, miligramu 1, hurudiwa kila dakika 3 hadi 5. Moyo unaotetemeka hutangulizwa mshtuko wa umeme. Uliotulia kabisa hupewa dawa mapema iwezekanavyo. Huko Uingereza dawa hiyo ilipimwa kwa wagonjwa 8,000 na zaidi walioangukia nje ya hospitali, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Waliokuwa hai baada ya siku 30 ni asilimia 3.2 ya waliopewa dawa, na asilimia 2.4 ya waliopewa maji ya chumvi. Faida ndogo hiyo! Tena miongoni mwa walionusurika, walioharibika ubongo vibaya walizidi upande wa dawa. Lakini tangu simu kupigwa hadi sindano, zilikuwa zimepita dakika 21 hivi.

Askari wa zamu hufika kabla ya mganga. Amlaze mgonjwa chali mahali pagumu, abonyeze katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika; akichoka, mwenzake ampokee. Kumtupa nyuma ya pikapu na kukimbia naye, kifua hakiguswi, ni kumpotezea dakika zile zile. Hata mganga afikapo kazi hiyo haikomi, kwani pasipo kubonyezwa kifua dawa hubaki mshipani, isifike moyoni.