Jua la Asubuhi na Wanyama wa Damu Baridi

(Maelezo haya yalitolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya vijijini karibu na Eldoret. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika navyo viyasome na kuyazungumzia.)



Nimeombwa niseme juu ya wanyama ambao tukiwaona, neno la kwanza huwa ni "Leta panga!" Nyoka, kinyonga, mjusi, kobe wa maji. Msinicheke. Mwisho wa maneno yangu mtaona kwamba jambo hili linahusu mahindi yetu, na linahusu watoto wetu.

Sisi hapa Eldoret tunakaa juu sana, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni hadi Agosti mnajua wenyewe kulivyo. Usiku baridi inashuka karibu nyuzi 10, alasiri mvua inanyesha, na mtu hatoki bila sweta. Lakini kuna zile asubuhi ambazo mawingu yanafunguka na jua linawaka vizuri. Siku kama hizo ndizo za kuwaona wanyama hawa.

Kwa nini? Mimi na wewe na ng'ombe wetu tunatengeneza joto ndani ya mwili kwa chakula tunachokula. Mnyama wa damu baridi hana jiko hilo. Joto lake analiazima kwa jua, kwa jiwe, kwa udongo. Usiku wa baridi ukimpata anakuwa mzito, hata kutembea ni shida. Jua likitoka, lazima aje aote, la sivyo hawezi kuwinda wala kusaga chakula tumboni. Lakini kwa sababu hachomi chakula kutafuta joto, anaweza kukaa majuma bila kula. Mungu alimpa mapungufu, akampa na faida.

Ukitaka kuwaona, toka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, siku ya jua baada ya usiku wa baridi. Tembea polepole, usikanyage kwa kishindo, na kivuli chako kisiwaangukie. Kisha simama mahali pamoja kama robo saa. Wengi wetu hatuoni kitu kwa sababu hatujui kungoja.

Anza na ua wa michongoma. Angalia upande unaopigwa na jua. Kinyonga asubuhi huwa mweusi au wa rangi nzito, amegeuza ubavu wake kwenye jua na kuutandaza. Ile rangi nzito inavuta joto, kama vile bati jeusi linavyopata moto upesi. Akishapata joto, rangi yake inageuka. Tena sikilizeni hili: vinyonga kadhaa wa nyanda zetu za juu hawatagi mayai, wanazaa. Udongo wa huku ni baridi, mayai yangechelewa mno. Basi mama anawabeba watoto tumboni, na kila akiota jua, anawaotesha na wao. Kuna wazee kati ya ndugu zetu Waluhya wanaosimulia kwamba kinyonga ndiye aliyeleta kifo kwa watu. Masimulizi ya wazee tunayaheshimu, lakini kinyonga huyu hana sumu. Anakula nzi na panzi. Asiuawe kwa ajili ya hadithi.

Halafu nenda kwenye bwawa au kidimbwi. Angalia magogo na kingo za matope. Ukiona kitu kama sahani ya udongo iliyokaushwa, ngoja kwanza. Huyo anaweza kuwa kobe wa maji. Yeye hawezi kuvuta kichwa moja kwa moja ndani kama kobe wa nchi kavu, anakunja shingo pembeni chini ya gamba. Ukipiga kelele anatumbukia, na hutamwona tena asubuhi hiyo. Zamani wataalamu walidhani kobe hawa ni aina moja tu katika Afrika nzima. Mwaka 2014 waligundua ni aina 10 hivi, na moja ilielezwa kutoka hapa jirani, Kakamega. Kumbe kitu kinachopigwa mawe na watoto wetu wachungaji, wenzetu wanavuka bahari kuja kukichunguza.

Sasa tuje kwa nyoka. Wacha niseme kosa langu mwenyewe. Mwaka fulani nilimkuta nyoka wa kahawia kwenye ghala, ameota jua chini ya mlango. Nilimpiga mpaka akafa, na nikasifiwa. Baadaye mzee mmoja aliangalia ule mwili akaniambia, "Huyu hana sumu. Huyu ni mlinzi wako." Alikuwa nyoka wa nyumba, ambaye chakula chake kikubwa ni panya. Anaingia kwenye shimo ambalo paka hawezi. Msimu ule panya walitoboa magunia mpaka tukachoka kushona. Mahindi tuliyolima kwa jasho tukawalisha panya, na panga lilikuwa langu.

Lakini sisemi nyoka ni wa kuchezewa. Yuko kifutu, yule mnene mwenye mabaka, ambaye hakimbii. Anategemea rangi yake imfiche, basi mtu anamkanyaga. Siku za jua anaweza kulala penye njia, karibu na mabua, au kando ya kuni. Kwa hiyo, mama, usiingize mkono kwenye kuni kabla ya kuzigusa kwa fimbo. Vaeni gambuti shambani. Usiku shika tochi. Fyekeni nyasi karibu na nyumba, na takataka zinazokaribisha panya ziondolewe, kwa maana panya ndiye anayemwita nyoka. Ukimwona, rudi nyuma, mwite mtoto akae mbali, mwache apite. Watu wengi wanaumwa wakijaribu kumuua.

Na mtu akiumwa? Hapa nawaomba tusikilizane sana. Usikate kwa wembe. Usifyonze. Usifunge kamba ya kukaza. Usichome. Lile jiwe jeusi, ambalo wengine wetu tulilipata hata kwa wamisionari waliotupenda, halitoi sumu. Linapoteza saa. Mlaze mgonjwa, mtulize, mvue pete na bangili kabla mwili haujavimba, funga kipande cha mti kando ya mguu au mkono usitikisike, na mpeleke hospitali mara moja. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 wanakufa kila mwaka duniani. Wengi ni wakulima na watoto kama wetu. Kikundi chenye mfuko wa harambee kipange leo: gari ni la nani, simu apigiwe nani, nauli itoke wapi. Msingoje siku ya kilio.

Jambo la mwisho ni sheria. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kukamata, kufuga wala kuuza mnyama wa mwituni bila kibali. Kobe uliyemleta nyumbani kwa ajili ya watoto, hata yeye yumo. Mwonyeshe mtoto kobe pale pale alipo.

Kitabu cha Mithali, sura ya 30, kinataja viumbe wanne wadogo wenye akili nyingi, na mjusi ni mmoja wao. Yumo hata katika nyumba za wafalme. Kama mfalme alimvumilia, mimi na wewe na kibanda chetu tutashindwaje?

 

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi
1. Ni wanyama gani wa damu baridi mnaowaona kwenu, na mwezi gani? Mwenye daftari aandike kwa miezi mitatu.
2. Katika kijiji chenu, mtu akiumwa na nyoka usiku, atafikaje hospitali?
3. Ghala zenu zinalindwaje na panya?