Mwenzi Wako Akiambiwa Ana Ugonjwa Usiopona

Maneno yaliyosomwa na kikundi cha wanaouguza wenzi wao, Siku ya Wakimbizi Duniani



Tumepewa nafasi fupi, baada ya ngoma na kabla ya mpira, kwa hiyo hatutawachosha. Sisi ni waume na wake tunaouguza wenzetu hapa Nyarugusu. Wako wenye wagonjwa wa kisukari, wa figo, wa kifafa. Leo tumekubaliana kusema juu ya ugonjwa mmoja usiojulikana sana, kwa kuwa umeingia katika nyumba moja ya kikundi chetu, na wenye nyumba wameturuhusu tuyaseme yao bila majina.

Unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Waliosoma Kongo kwa Kifaransa watauona umeandikwa SEP. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya wa umeme uliochubuka: habari hazifiki sawasawa. Jicho moja linaingia ukungu, mguu unakufa ganzi, mkojo haushikiki. Huwapata wanawake zaidi, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, umri wa kulea watoto. Katika nchi za karibu na ikweta ni nadra, ndiyo maana mganga wa zahanati anaweza kuufikiria mwisho kabisa. Wala hauambukizi. Laleni kitanda kimoja, kuleni sahani moja.

Tabia yake moja ndiyo iliyowala watu fedha. Kwa wengi, hasa miaka ya mwanzo, huja na kuondoka. Mama yule alilala wiki kadhaa mguu haunyanyuki, kisha akainuka, akaenda kisimani. Katika wiki zile alikuwa amepelekwa kwa mtu wa dawa za miti, basi sifa zote zikaenda kwake, na mbuzi wawili pia. Baada ya miezi mguu ukalala tena, na mbuzi hawakurudi. Hatukatazi watu kuomba, sisi wenyewe twaomba. Lakini sala haina bei, na anayekutajia bei ya uponyaji mwulize kwanza maswali.

Ndugu walimwambia mume: huyu amerogwa, mrudishe kwao. Kwao wapi, jamani? Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikokimbia risasi? Mume akabaki. Amejifunza kwamba uchovu wa ugonjwa huu si uvivu, hata kama kwa macho mtu anaonekana mzima. Amejifunza kwamba joto huzidisha dalili kwa muda, kwa hiyo maji huchotwa alfajiri, na foleni ya posho anasimama yeye. Ila fedha za nyumba anashika mke, kama zamani. Miguu ndiyo inayosumbua, hesabu anaijua kuliko mumewe, na kumnyang'anya kazi zote kungekuwa kumzika mapema.

Sasa gharama. Kipimo cha MRI hakipo kambini, na hata baada yake daktari huweza kutaka maji ya uti wa mgongo. Katika utaratibu wa UNHCR, kamati ya rufaa hupima mambo mengi, hasa matumaini ya kupata nafuu na ukubwa wa gharama. Basi faili lililoandikwa tu "ugonjwa usiopona" huenda likakaa chini ya mengine, na tangu misaada ilipopunguzwa mwaka 2025 rundo hilo limekuwa zito. Mwombe daktari aandike pia tiba inaweza kuzuia nini: upofu, kupooza, kitanda cha maisha. Dawa ya kuponya haipo, lakini zipo za kupunguza mashambulizi. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya mwisho hutumika pia kwa saratani fulani, kwa hiyo uliza katika hospitali zinazotibu saratani. Kuwa katika orodha si kuwa katika duka la dawa, tunalijua hilo, lakini jina la dawa humpa mgonjwa neno la kusema mbele ya mezani.

Picha na karatasi zote ziwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki. Kibali cha kutoka kambini kiombwe mara tu tarehe ya hospitali ikijulikana. Bei iulizwe kabla ya kipimo. Na kadi ya posho isiwekwe rehani, hata kwa jirani mwema. Watoto watakula nini mgonjwa akiwa mjini? Sisi huchanga kidogo kidogo kwa ajili ya nauli na chakula cha anayemsindikiza, maana huyo husahaulika.

Jambo la mwisho ni kwako, Mwenyekiti. Mama yule huyumba akitembea, na vijana sokoni humcheka kuwa amelewa. Tumeandika barua, imetiwa sahihi na familia 11, tukiomba wagonjwa wenye cheti cha zahanati waitwe kwanza siku ya posho, na pawekwe benchi kivulini. Tunakukabidhi sasa, mbele ya watu wote.