Mabanzi Yetu, Mikono Yetu: Maneno Yaliyosemwa Kwenye Chakula cha Hisani



Sote tuliokulia kati ya Iringa na Mbeya tunaijua harufu ya mbao mbichi. Mufindi kuna Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa hapa nchini. Mbeya tuna Kawetire, Rungwe tuna Kiwira. Malori yanashuka kwenda Dar es Salaam yakiwa yamesheheni mbao za paina. Mbao zinaondoka, nyumbani yanabaki mabanzi, vumbi na vijana wanaosubiri kibarua cha kupakia lori.

Leo tunaomba mchango kwa ajili ya hayo yanayobaki. Tunataka kufungua karakana ya vinyago vidogo vya mbao: tembo, twiga, tandala, kuku na vifaranga wake. Chombo chake kikuu ni msumeno mdogo wa umeme unaowekwa mezani. Wembe wake ni mwembamba sana, unapanda na kushuka palepale, na fundi ndiye anayezungusha ubao kwa mikono yake.

Kazi inakwenda hivi. Fundi anachukua kipande cha mraba, unene wa vidole vitatu. Upande mmoja anabandika mchoro wa tembo anayeonekana ubavuni. Upande unaopakana nao, mchoro wa tembo yuleyule anayeonekana kwa mbele. Anakata mchoro wa kwanza, anarudisha vipande mahali pake na kuvifunga kwa selotepu, anageuza, anakata wa pili. Akifungua, mabaki yanaanguka na tembo anabaki amesimama. Kisha msasa, kisha mafuta au vanishi.

Tusidanganyane, ndugu zetu: paina si mpingo. Ni laini, ina utomvu, na ikikatwa mbichi hupinda. Lazima ikaushwe vizuri, na nyuzi za mti zifuate urefu wa miguu ya mnyama, la sivyo miguu inavunjika. Hatuendi kushindana na Wamakonde na tezo zao. Chetu ni kitu kidogo na chepesi, kinachoingia kwenye mkoba wa mgeni anayetoka Hifadhi ya Ruaha, au mkononi mwa mtoto wa chekechea anayejifunza kuhesabu.

Kuna jambo jingine. Kazi hii hufanywa mtu akiwa amekaa. Kijana asiyeweza kusimama muda mrefu anaiweza, asiyesikia anaiweza. Iringa mjini, Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imetuonyesha kwamba watu wenye ulemavu wakipewa ufundi, wanatengeneza bidhaa ambazo wageni wanazinunua kwa uzuri wake. Kwa hiyo nafasi za kwanza kwenye karakana yetu tungependa ziwe za vijana wa namna hiyo.

Sote tumewahi kuona mashine ya msaada iliyofunikwa turubai kwa kukosa kipuri cha bei ndogo. Ndiyo maana hatuombi mashine peke yake. Tunaomba misumeno miwili ya kuanzia; nyembe za akiba, kwa sababu hukatika mara kwa mara; msasa, miwani na barakoa za kuzuia vumbi; na posho ya fundi atakayefundisha kwa miezi sita. Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye kiwanda cha mbao atuwekee vipande vikavu. Mwenye duka Dar es Salaam, Dodoma au Arusha atupe rafu moja tu.

Malori yataendelea kushuka, na hatuyazuii. Tunachotaka ni kwamba ndani ya mzigo unaoondoka nyumbani, kuwe pia na kasha moja la vitu vilivyomalizika, vyenye bei iliyopangwa na watoto wetu wenyewe.

Bahasha ziko mezani kwenu.