Mimi si Ngome Tupu

(Hotuba ya fundi wa redio mwenye usonji mbele ya vikundi vya kujisaidia. Tumeiacha jinsi alivyoisema.)



Mtaona nikizungumza naangalia ukuta ule wa nyuma. Si dharau. Nikimtazama mtu machoni maneno yananipotea, nikitazama ukuta yanakuja. Basi niachieni ukuta wangu, nami nitawapa maneno.

Usonji ni namna ubongo unavyokua, tangu kabla mtoto hajazaliwa. Hauambukizi. Mtoto mwenye usonji anaweza kuchelewa kusema, au asiseme kabisa. Anaweza kuziba masikio kinu cha kusaga mahindi kikianza kunguruma, au kulia sana njia ya kwenda mtoni ikibadilishwa. Wengine, kama mimi, tunasema vizuri, lakini mazungumzo ya watu wengi yanatuchosha kama kulima.

Leo nataka kuwaeleza yale wataalamu waliyosema juu ya watu kama mimi, na jinsi ninavyoyaona nikiwa huku ndani. Mtauliza, nadharia za wasomi zatuhusu nini sisi watu wa shamba? Zinatuhusu sana. Nadharia ni kama mbegu: inatoka mbali, lakini inaota nyumbani kwa mama fulani.

Nadharia ya kwanza: kosa ni la mama

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11. Aliona mengi vizuri, hata akasema yaelekea walizaliwa hivyo. Lakini aliandika pia kwamba wengi wa wazazi wao hawakuwa watu wachangamfu. Wengine walilichukua neno hilo wakalikuza. Mama akaitwa mama friji, ati ubaridi wake ndio uliomfungia mtoto. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Ngome Tupu. Ngome, kwa kuwa ati mtoto amejijengea ukuta. Tupu, kwa kuwa ati ndani hakuna mtu.

Akina mama wangapi walilia usiku kwa sababu ya maneno hayo! Na hayakuwa kweli. Mwaka 1977 huko Uingereza, Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za wasiofanana hivyo, hakuna hata moja. Kumbe jambo hili, kwa sehemu kubwa, mtu anazaliwa nalo.

Lakini msicheke Wazungu. Sisi nasi tunayo yetu: mama alivunja mwiko, ni laana ya ukoo, amelogwa. Maneno ni mengine, kazi ni ileile: mama anabebeshwa mzigo, na mtoto anafichwa ndani.

Tena mtasikia kwamba ni chanjo ya surua. Neno hilo lilienezwa na makala ya mwaka 1998 katika jarida moja la Uingereza. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta makala hiyo. Surua inaua watoto. Wapelekeni wakachanjwe.

Nadharia ya pili: hawajui mawazo ya wenzao

Mwaka 1985 huko London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwaonyesha watoto mchezo wa wanasesere wawili. Sally anaweka gololi kikapuni, anatoka nje. Anne anaihamisha kwenye boksi. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Jibu ni kikapuni, kwa kuwa hajui imehamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walikosea. Ndipo ikasemwa kwamba sisi hatuwezi kutambua yaliyo kichwani mwa mtu mwingine.

Mimi sikatai yote. Ukiniambia, "Pita nyumbani siku moja," nitakuuliza siku gani. Maneno ya kuzunguka yananipita. Lakini sikilizeni hili. Mwaka 1995 huko Australia, jaribio kama hilo lilifanywa kwa watoto viziwi waliokulia katika nyumba za wazazi wanaosikia. Wengi wao nao walikosea. Baadaye ikaonekana kwamba viziwi waliolelewa na wazazi viziwi, wakizungumza nao kwa ishara tangu uchanga, hufanya vizuri kama watoto wengine. Basi kukosea pale hakutoshi kuonyesha kwamba ndani hamna kitu. Pengine mtoto amekosa watu wa kuzungumza naye kwa njia anayoiweza.

Nadharia ya tatu: daraja lina pande mbili

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliuliza swali zuri: kama mimi sikuelewi, je, wewe unanielewa? Mtu anayejua Kijaluo peke yake akifika sokoni Kitui, wanasema hajui kusema. Lakini wao wanajua Kijaluo? Shida iko katikati yao, ila lawama anabeba yule aliye peke yake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha uchunguzi ambamo watu wanane wanane walisimuliana hadithi, wa kwanza akimpa wa pili, mpaka mwisho. Wenye usonji wakiwa peke yao waliifikisha sawa na wasio nao. Walipochanganywa, hadithi ilipotea zaidi. Mwaka 2025 walirudia kwa watu wengi zaidi, na mara hii hata waliochanganywa hawakubaki nyuma. Basi hata nadharia ninayoipenda lazima ipimwe. Lakini mara zote mbili, wenye usonji hawakushindwa kupeana habari.

Nadharia ya nne: tochi

Hii ndiyo inayonifanana zaidi. Ilielezwa mwaka 2005 na Dinah Murray na wenzake. Tuseme akili ya kila mtu ni kama mwanga. Watu wengi wanamulika kama taa ya chemli, chumba chote kidogo kidogo. Sisi tunamulika kama tochi, mahali pamoja kwa nguvu sana. Nikiwa ndani ya redio naona waya uliokatika usioonekana na mwingine. Lakini ukiniita ghafla, ni kama umenivuta kutoka shimoni kwa kamba. Basi mtoto kama huyo mwambie mapema, "Tukimaliza hii, tunaenda kisimani." Sema jambo moja, halafu ngojea.

Sasa tufanye nini?

Ndugu zangu, msitoke hapa mkisema, "Kumbe wenye usonji ni mafundi." Wako wasiosema neno, wanaohitaji kulishwa na kuchungwa mchana na usiku. Mimi siwezi kujifanya msemaji wa kila mmoja wao. Lakini najua mama zao wamechoka. Na vikundi vyetu vingi vina faini kwa mwanachama asiyefika mkutanoni. Mama huyo atamwacha mtoto na nani? Analipa faini mara tatu, anajitoa, na zamu yake ya kupokea mchango inapotea. Hapo hatuna haja ya msomi kutoka ng'ambo. Ni sheria yetu wenyewe, na tunaweza kuibadilisha hata leo.

Pili, mtoto apelekwe kupimwa. Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum tangu mwaka 1984. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu ataulizwa kilipo.

Tatu, kila mtu akija na maelezo juu ya mtoto huyu, awe daktari, mganga au jirani, muulizeni: umekaa naye? Na maneno yako yatamfungulia mlango au yatamfungia ndani?

Ngome si tupu. Bisheni hodi polepole, halafu ngojeni.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kijiji chetu, watu husema nini juu ya mtoto asiyesema? Maneno hayo yanamsaidia nani?
2. Ni mwanachama gani hafiki mikutanoni kwa sababu ya kulea? Tumewahi kumtembelea?
3. Sheria yetu ya faini ibadilishwe vipi? Nani atabaki na mtoto kwa zamu?