Nyimbo za Kuwachangia Wagonjwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Naamini kila mmoja ana daftari na kalamu, na mwalimu wenu amesimama karibu na ubao. Mwalimu, tafadhali andika maneno matatu: MCHANGO, URITHI, AIBU. Nitangoja kidogo. Haya, yasomeni wote pamoja kwa sauti. Vizuri.

Leo nitawaelezeni habari za waimbaji walioimba ili kuwasaidia wagonjwa. Kuchanga si jambo geni kwetu. Mtu akiugua, jamaa na majirani hutoa walicho nacho. Lakini waimbaji hawa walifanya jambo moja zaidi. Walisaidia kuutoa hadharani ugonjwa ambao watu walikuwa wakiuficha kwa aibu.

Habari yenyewe ilitokea Marekani. Huko alizaliwa Bwana Woody Guthrie, mwaka 1912, katika mji mdogo wa Okemah, jimbo la Oklahoma. Alikuwa mtungaji, na nyimbo alizotunga aliziimba mwenyewe kwa gitaa. Aliimba habari za wakulima waliohamishwa na ukame na vumbi, na habari za watu waliozunguka nchi wakitafuta kazi.

Woody alipokuwa kijana, mama yake alianza kubadilika. Viungo vilimchezacheza bila yeye kutaka, na hasira zilimjia ghafula. Watu walisema ana wazimu. Mwisho alipelekwa katika hospitali ya wenye wazimu, akafia huko.

Miaka ikapita. Woody naye akaanza kuyumba akitembea, na maneno yakawa mazito mdomoni. Watu wengi walidhani ni pombe tu. Ilipofika mwaka 1952 madaktari waliutambua ugonjwa wake. Ulikuwa ugonjwa wa Huntington, na ndio uliomwua mama yake.

Sikilizeni vizuri hapa. Ugonjwa huu huharibu ubongo polepole. Mara nyingi huanza mtu akiwa na umri wa miaka 30 mpaka 50. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula pamoja na mgonjwa, wala kwa kumshika mkono. Si uchawi, wala si laana. Ni ugonjwa wa urithi: hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Sasa chukueni sarafu moja. Mtu mmoja airushe juu. Je, imeangukia upande wa kichwa au upande wa pili? Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu. Upande mmoja, ameurithi. Upande wa pili, amesalimika. Lakini msikosee hesabu. Msiseme kwamba katika watoto wanne lazima wapatwe wawili. Kila mtoto ana sarafu yake. Huenda wote wakasalimika, na huenda wote wakapatwa. Bwana Woody alikuwa na watoto wanane. Mabinti zake wawili waliurithi, nao wakafa kwa ugonjwa huo huo.

Tarehe 17 Machi 1956, rafiki zake waimbaji walikusanyika katika ukumbi mmoja wa New York. Waliimba nyimbo zake, na fedha za kiingilio ziliwekwa kwa ajili ya watoto wake. Woody mwenyewe alikuwa ameketi juu, katika roshani. Mwisho, mwimbaji Pete Seeger aliongoza wimbo maarufu wa Woody. Watu wote wakasimama, wakamgeukia mgonjwa kule juu, wakamwimbia wimbo alioutunga yeye.

Je, nyimbo zilimponya? La. Ugonjwa uliendelea. Alikaa hospitalini miaka mingi, mwisho akawa hawezi hata kusema. Alikufa tarehe 3 Oktoba 1967, akiwa na umri wa miaka 55.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye hakutaka mambo yaishe makaburini. Huyo ni Bibi Marjorie, aliyekuwa mke wake. Ndoa yao ilikuwa imekwisha zamani, lakini hakuacha kumtunza. Tena alikuwa na watoto watatu aliozaa na Woody, na hakuna aliyejua sarafu zao zimeangukia upande gani. Mwaka 1967 alianzisha chama cha kupambana na ugonjwa huo. Akatafuta familia nyingine zilizokuwa zikiuguza kwa siri. Akawaambia: tusifiche tena.

Tarehe 20 Januari 1968 waimbaji wakakusanyika mara nyingine, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Waliimba mchana, wakaimba tena usiku. Alikuwapo Pete Seeger, na Judy Collins, na Odetta, na Arlo mwana wa Woody. Alikuwapo pia Bob Dylan. Alipokuwa kijana asiyejulikana, mwaka 1961, Dylan alikwenda kumwona Woody hospitalini na kumwimbia. Mwaka 1970 waimbaji walifanya tena hivyo huko Los Angeles, kuchangia tawi la chama katika jimbo la California.

Tawi hilo lilianzishwa na Bwana Milton Wexler, ambaye aliyekuwa mke wake alikuwa na ugonjwa huu. Binti yao, Nancy Wexler, alikuwa mtaalamu. Alikwenda na wenzake mpaka Venezuela, kwenye vijiji vya kando ya ziwa Maracaibo, ambako familia nyingi zina ugonjwa huu. Wanavijiji walikubali kutoa damu yao ichunguzwe. Mwaka 1983 wataalamu walijua mahali chembe ya urithi yenye kasoro ilipo. Mwaka 1993 wakaipata yenyewe. Tangu hapo mtu akipimwa damu anaweza kujua kwa hakika kama ameurithi au hakuurithi.

Sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizogundua chembe hiyo. Ilitaka kazi ya wataalamu wengi, na fedha nyingi kuliko za kiingilio. Hata leo dawa ya kuuponya ugonjwa huu kabisa haijapatikana, ingawa ziko dawa za kupunguza kuchezacheza kwa viungo. Lakini kazi hiyo ilihitaji familia zitokee na kusema, “Sisi tunao.” Mwenye aibu hatokei. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi, huenda ninyi pia mkataka kufanya usiku wa nyimbo kumchangia mgonjwa. Si lazima pawe na ukumbi mkubwa. Mwimbaji mmoja mwenye gitaa na mabenchi ya darasa hili yatatosha. Lakini fanyeni mambo matatu. Kwanza, mgonjwa mwenyewe au jamaa zake wakubali. Pili, andikeni kabla ya kuanza fedha zitakwenda wapi, na baadaye zihesabiwe mbele ya mashahidi wanaojua kusoma. Hii ndiyo faida ya kisomo chenu. Tatu, kama mwenyewe ameridhia, utajeni ugonjwa kwa jina lake, na mweleze kama unaambukiza au hauambukizi, ili watu waondoke na mchango wa fedha na mchango wa maarifa.

Sasa maswali. Mwalimu atawasaidia.

1. Kwa nini watu walidhani Bwana Woody amelewa?
2. Mzazi mwenye ugonjwa huu ana watoto watatu. Wawili wamesalimika. Je, wa tatu lazima apatwe? Eleza.
3. Bibi Marjorie alifanya nini mwaka 1967?
4. Je, katika kijiji chenu kuna ugonjwa ambao watu huona aibu kuutaja? Zungumzeni.

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi tatu, kila moja iwe na neno moja kati ya yale yaliyo ubaoni. Kwaherini, mabibi na mabwana, hata juma lijalo.