Kasi ya Kupata Viungo na Nafasi ya Tovuti katika Matokeo ya Utafutaji

Kasi ya viungo ni idadi ya viungo vipya ambavyo tovuti au ukurasa hupata kutoka tovuti nyingine katika muda fulani, iwe siku, wiki au mwezi. Viungo vinavyozungumziwa hapa ni vile vinavyotoka nje na kuingia ndani: gazeti linaandika habari za hoteli ya Paje na kuweka anwani ya hoteli hiyo, au chuo kinawaelekeza wanafunzi wake kwenye kamusi ya mtandaoni. Wanaofanya kazi ya kupandisha tovuti wamebishana kwa miaka mingi kama injini za utafutaji huitazama kasi hiyo. Ushahidi uliopo unaelekea kuonyesha kwamba huitazama, ila haiamui jambo peke yake. Maana yake hupatikana inaposomwa pamoja na mahali viungo vilikotoka, maneno viliyobeba na sababu iliyovileta.

Muda unavyoingia katika hesabu

Larry Page na Sergey Brin walipoieleza PageRank mwaka 1998, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, mfumo wao haukujali tarehe. Kila kiungo kilichukuliwa kuwa kura, na kura ya ukurasa unaoelekezwa na wengi ilikuwa na uzito kuliko ya ukurasa usiojulikana. Kiungo cha jana na cha miaka mitatu iliyopita vilihesabiwa sawa. Mfumo huo uliupendelea ukurasa mkongwe, kwa kuwa ulikuwa umepata muda wa kukusanya kura, huku habari mpya ikianza na sifuri hata kama ni bora. Tatizo la pili lilizaliwa na mafanikio yenyewe: viungo vilipogeuka kuwa njia ya kupata wateja, vikaanza kuuzwa.

Matatizo yote mawili yanashughulikiwa katika hataza moja ya Marekani ambayo Google iliiombea tarehe 31 Desemba 2003, ombi likachapishwa Machi 2005 na kukubaliwa Machi 2008 kwa namba 7,346,839. Miongoni mwa wavumbuzi waliotajwa ni Jeffrey Dean, Monika Henzinger na Matt Cutts, ambaye kwa miaka mingi aliongoza timu ya Google ya kupambana na spamu. Hataza haithibitishi kwamba kila kilichoandikwa humo kinatumika. Hata hivyo, hakuna andiko jingine la wazi linaloonyesha kwa undani kiasi hicho namna wahandisi wa injini ya utafutaji walivyofikiri kuhusu muda, na sehemu kubwa ya wanaobishana juu ya kasi ya viungo wanabishana, wakijua au wasijue, juu ya aya zake chache.

Hoja ya kwanza ya hataza hiyo inaupendelea ukurasa mchanga. Ukurasa uliozaliwa jana ukiwa na viungo 10 unaweza kupewa alama kubwa kuliko ukurasa wa miaka 10 wenye viungo 100, kwa sababu wa kwanza unakua haraka zaidi. Inatolewa hata kanuni ya hesabu: alama ya viungo hugawanywa kwa logi ya umri wa ukurasa ukijumlishwa na 2. Ikichukuliwa kwamba umri unahesabiwa kwa siku na logi ni ya msingi wa 10, ukurasa wa siku 8 hugawanywa kwa 1 na ukurasa wa siku 998 hugawanywa kwa 3. Kurasa hizo zikiwa zote na alama 12 za viungo, ule mchanga hubaki na 12 na ule mkongwe hushuka hadi 4. Kwa kuwa logi hupanda polepole, adhabu ya umri huuma mapema kisha hutulia; kati ya mwaka wa tatu na wa sita wa ukurasa hakuna tofauti ya kutisha.

Kipimo kingine hutazama sehemu ya viungo iliyo mipya. Tovuti mbili zilizogunduliwa siku 100 zilizopita, moja ikiwa na asilimia 10 ya viungo vilivyopatikana ndani ya siku 10 za mwisho na nyingine ikiwa haina hata kimoja, hupata 0.1 na 0. Ya pili inaonekana kupoa. Upoaji huo una maana pia viungo vinapoondolewa, kwani hataza inazingatia tarehe ya kiungo kutoweka sawa na tarehe ya kutokea kwake.

Mruko wa ghafla

Hoja ya pili ndiyo inayotajwa zaidi. Viungo vinavyoruka ghafla, hataza inasema, vinaweza kuwa dalili ya jambo lililozuka na kuvuta watu, na vinaweza pia kuwa dalili ya udanganyifu. Mfano wa upande wa kwanza uliotolewa ni tovuti ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, baada ya mlipuko wa SARS. Upande wa pili unatajwa kwa viungo vya kubadilishana, vya kununua, na vile vinavyowekwa mahali ambapo hakuna mhariri, kama vitabu vya wageni vya mtandaoni.

Kwa Tanzania mfano wa mruko halali uko wazi. Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, blogu, magazeti na kurasa za shule huweka kiungo cha matokeo ndani ya saa chache. Mchoro wa viungo ukitazamwa peke yake unafanana na wa mtu aliyenunua furushi la viungo kwa muuzaji wa mtandaoni. Mambo mawili huutofautisha. Kwanza, viungo hutoka kwenye tovuti za aina nyingi, kwa maneno tofauti: mmoja ameandika "matokeo haya hapa", mwingine ameweka anwani tupu, wa tatu jina la baraza. Pili, watu wanaotafuta jina hilohilo nao huongezeka siku hiyohiyo. Viungo vya kununua huja bila watu. Kampuni ya kupandisha watalii Kilimanjaro iliyokuwa ikipata viungo viwili kwa mwezi, kisha ikapata 600 kwa wiki, vyote vikiwa na maneno yaleyale matatu ya kibiashara, haina tukio lolote la kuueleza mruko huo.

Ni rahisi kuhitimisha hapo kwamba dawa ni kupunguza kasi: anayenunua anunue kidogokidogo. Ushauri huo hutolewa sana na wauzaji, ambao huuza viungo vya "kudondosha" kidogo kila siku kwa bei ya juu zaidi. Udhaifu wake ulionekana katika kisa cha JC Penney, kampuni ya maduka ya Marekani. Kwa miezi kadhaa, ukiwamo msimu wa sikukuu wa mwishoni mwa 2010, kampuni hiyo ilishika nafasi ya kwanza kwa maneno kama magauni, matandiko na mazulia. Mtaalamu aliyeombwa na gazeti la The New York Times alikuta kurasa 2,015 zenye viungo vya magauni vinavyoelekea kwenye tovuti ya kampuni hiyo, na nyingi hazikuhusiana na mavazi hata kidogo: kulikuwamo tovuti za uvuvi, za kukoroma, za vichekesho na za madaktari wa meno. Kampuni ilisema haikuidhinisha kazi hiyo. Gazeti lilipoiuliza Google mapema Februari 2011, hatua zilichukuliwa kwa mkono. Jioni moja saa moja kamili tovuti ilikuwa ya kwanza kwa masanduku ya Samsonite; saa tatu usiku ilikuwa ya 71. Kwa fanicha za sebuleni ilishuka kutoka ya kwanza hadi ya 68.

Kisa hicho husimuliwa kama ushahidi kwamba viungo vya haraka huleta adhabu. Kinaonyesha karibu kinyume chake. Viungo vilifanya kazi kwa miezi bila mashine kuvizuia, na kilichovifichua ni macho ya mtu aliyeuliza duka la nguo linafanya nini kwenye ukurasa wa uvuvi. Kukusanya viungo hivyo taratibu zaidi kusingebadili jibu la swali hilo. Kisa cha Interflora ya Uingereza, Februari 2013, kinahusu kasi kwa karibu zaidi. Makala za kulipiwa zenye viungo zilijaa katika magazeti ya mikoani karibu na sikukuu ya wapendanao, na siku chache baadaye muuza maua huyo akatoweka katika Google hata kwa jina lake mwenyewe. Google haikuitaja kampuni, ila siku zilezile ilitoa onyo kuhusu makala za aina hiyo. Mapema Machi tovuti ilikuwa imerudi.

Kutoka kuadhibu hadi kupuuza

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilizindua algoriti iliyokuja kuitwa Penguin, ikisema itagusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Tovuti zenye viungo vya ulaghai zilishushwa, na kwa kuwa Penguin ilifanya kazi kwa vipindi, aliyeshushwa aliweza kusubiri mwaka au zaidi hata baada ya kujisafisha. Oktoba mwaka huohuo kilitolewa chombo cha kuikana orodha ya viungo visivyotakiwa. Hofu ya kasi ilikomaa katika miaka hiyo, na ilikuwa na sababu: mshindani mwenye nia mbaya aliweza, angalau kwa nadharia, kumrushia mwenzake maelfu ya viungo vichafu.

Septemba 2016 hali ilibadilika. Penguin ya nne iliingizwa katika mfumo mkuu, ikaanza kufanya kazi mfululizo, na badala ya kuishusha tovuti nzima ikawa inavinyima thamani viungo vyenyewe. Desemba 2022 SpamBrain, mfumo wa Google wa kunasa spamu, ukaongezwa katika kazi hiyohiyo. Matokeo yake kwa kasi ni makubwa. Mruko wa viungo vibaya, ambao zamani ungeiangusha tovuti, siku hizi kwa kawaida hauleti kitu. Fedha imekwenda na nafasi iko palepale. Tovuti huonekana kuanguka pale ambapo ilikuwa imesimama juu ya viungo ambavyo sasa havihesabiwi, na mwenyewe hudhani ameadhibiwa. Adhabu ya mkono bado ipo, na hiyo humfikia mhusika kama taarifa katika akaunti yake ya Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti.

Yandex, injini ya utafutaji ya Urusi, ilikwenda mbali zaidi. Machi 2014 iliacha kuhesabu viungo kwa utafutaji wa kibiashara katika eneo la Moscow, kisha mwaka 2015 ikavirudisha pamoja na Minusinsk, algoriti ya kuwaadhibu wanunuzi.

Msimamo unaotolewa na wasemaji wa Google, hasa John Mueller, ni kwamba idadi ya viungo katika muda fulani si hoja. Hoja ni kama viungo hivyo ni vya asili. Wengi waliuona msimamo huo kama wa kukwepa. Mei 2024 nyaraka za ndani za kiufundi za Google zilivuja, na kampuni ikakiri kuwa ni zake huku ikionya dhidi ya kuzisoma nje ya muktadha. Humo kuna vipengele vinavyopima, kwa idadi ya siku, asilimia 80 ya maneno ya spamu katika viungo yaligunduliwa ndani ya muda gani, wastani wa ugunduzi wake kwa siku, na mruko ulianza lini. Nyaraka hazisemi vipengele hivyo vina uzito gani, wala kama bado vinatumika. Lakini kinachopimwa kasi hapo si viungo vyote. Ni viungo vyenye maneno yaliyokwisha kutiliwa shaka. Kasi inaingia baada ya shaka, kusaidia kupata mipaka ya shambulio. Kwa tafsiri hiyo, kauli ya Mueller na nyaraka zilizovuja hazigombani.

Kuisoma kasi kwa usahihi

Injini ya utafutaji haijui kiungo kiliwekwa lini; inajua roboti yake ilikiona lini. Tovuti kubwa ya habari hupitiwa mara nyingi kwa siku, ilhali blogu ndogo yaweza kupitiwa baada ya wiki. Viungo vilivyowekwa siku moja huweza kuonekana vikisambaa mwezi mzima, na vilivyowekwa mwezi mzima huweza kuonekana kwa mpigo roboti ikirudi. Vyombo vya kukagua viungo kama Ahrefs na Majestic hutumia roboti zake vyenyewe, kwa hiyo tarehe zake ni za ugunduzi wake, na michoro ya vyombo viwili kuhusu tovuti moja haiwiani. Mruko kwenye mchoro huenda ni chombo tu kimepanua ghala lake.

Kitu cha kuhesabu ni idadi ya tovuti zinazoelekeza, si ya viungo. Mdhamini akiweka kiungo cha shirika chini ya kila ukurasa wa tovuti yake yenye kurasa 4,000, vinapatikana viungo 4,000 kwa siku kutoka chanzo kimoja. Hilo si la kutisha, na wala si faida mara 4,000.

Ulinganisho nao ufanywe ndani ya fani na lugha moja. Kwa tovuti ya Kiswahili kuhusu ufugaji wa nyuki, tovuti tano mpya kwa mwezi ni nyingi. Kwa gazeti la kila siku la Nairobi ni chache mno. Baada ya mruko halali, sehemu ya viungo hupotea kadiri habari zinavyozeeka na kurasa kufutwa, na mchoro hutulia juu kidogo ya ulipoanzia. Viungo vya kukodi hupotea kwa namna nyingine: malipo yakikoma vinaondoka karibu vyote, katika juma moja, kutoka tovuti zilezile vilikoingia.